Mwaka wa nne na ThinkPad, na bisibisi moja

Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na kompyuta zangu mbili za mwanzo ziliutii kama amri. Ya pili ndiyo iliyoniuma. Betri yake iligandishwa ndani kwa gundi, na ilipovimba fundi aliigeuzageuza kisha akanirudishia: "Kaka, hii tukiibandua ndiyo tumeimaliza." Jina lake nalihifadhi.

Ya tatu ni ThinkPad T480, toleo la 2018, niliyoichukua mtumba kwa laki sita na nusu. Kwa sura hutaigeukia mara mbili: nyeusi tii, pembe kali, kama daftari la mahudhurio. Dada zake wa kwanza walitoka kampuni ya IBM mwaka 1992 na weusi huohuo, na hata kampuni ya Lenovo walipoununua ukoo mzima mwaka 2005 hawakuufuta. Mama mmoja aliyekuja dukani kwangu aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, na hii nayo inatoa karatasi za rangi?" Inatoa, mama.

Nina steshenari ndogo Ngamiani: barua, maombi ya mikopo ya chuo, kadi za michango ya harusi. Umeme ukikatika katikati ya fomu ya mtu ndipo unapoijua mashine yako. T480 ina betri mbili, moja ndani, nyingine ya kuchomoa, upande wa nyuma. Ya nyuma ikikauka naitoa, napachika iliyojaa, na mashine haizimi maana ile ya ndani inaishikilia. Ya akiba ni ile nene ya wati-saa 72, inayoinyanyua mashine kwa nyuma kama kitanda kilichowekewa matofali. Siku ya kwanza wateja walidhani ni kiinimacho, na nakiri niliirudia bila sababu. T490, toleo lililofuata la mwaka 2019, ilikuja bila betri ya kuchomoa, ndiyo maana sina haraka ya kupanda toleo.

Halafu kuna kile kinundu chekundu katikati ya G, H na B. Nilikidharau miezi miwili. Kaskazi ilipoingia na joto lake, vidole vikawa vinaganda kwa jasho kwenye padi ya kugusa, mshale unaruka unakotaka. Kinundu hakijali jasho. Unakisukuma kidogo tu, mshale unakwenda, na mikono haijaondoka kwenye herufi. Siku hizi nikishika kompyuta ya mtu, kidole cha shahada kinakitafuta chenyewe.

Chai ya maziwa niliimwaga mwenyewe, nusu kikombe. Kibodi za ThinkPad zimeundwa kuhimili kumwagikiwa, na kweli mashine haikuzimika, ila sukari ni sukari: vitufe vitatu vikaanza kunata. Kwenye tovuti ya Lenovo, mwongozo wa matengenezo, uleule wa mafundi, unapakuliwa bure, na picha za kila skrubu. Nikaagiza kibodi nyingine. Ijumaa mchana, duka nimefunga, nikaifungua kwa bisibisi ya nyota. Skrubu za mfuniko wa chini hazidondoki, ukizilegeza zinabaki zimeng'ang'ania mfuniko. Aliyebuni hilo bila shaka amewahi kutambaa sakafuni akitafuta skrubu. Kwa kuwa nilishaingia ndani, nikapangusa feni na kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, kutoka GB 8 hadi 16, maana nafasi ziko mbili na hakuna kilichogandishwa. Nilipoiwasha ikawaka, nilijisikia fundi kuliko yule fundi.

Kama unataka ya kwako, uliza kioo kabla ya kutoa hela. T480 ziliuzwa na vioo tofauti, na kile cha nukta 1366 kwa 768 ni hafifu. Ukikaa nacho barazani mchana utasoma kwa kukisia.

Mdogo wangu kapata chuo, akaniomba nimwachie hii yangu mimi ninunue mpya. Nimekataa. Nimemtafutia T480 yake, tukaiweka mezani, na kabla hajaiwasha nikampa bisibisi.