Kapla za Kadee kwa reli ya Industrial Area: sumaku tamu, lakini subiri uone hii ya mia nne

Haya wasee, karibuni, leo sina maneno mengi ya kufungua kwa sababu hii kitu imefika na nilikuwa naingoja kama mshahara. Unaona hii pakiti ndogo? Ndani kuna kapla, zile ndoano za kuunganisha mabehewa ya treni ndogo za modeli, peya mbili, Kadee nambari 5, zinatengenezwa White City, Oregon, huko Marekani. Na kama unajenga laini ya modeli kama yetu hapa, ya Industrial Area ya Nairobi, ya kuingiza mabehewa kwa mageti ya godauni na kuyatoa, nunua hizi kabla ya kichwa cha treni. Ndio, nimesema kabla ya kichwa. Nitukaneni huko kwa komenti, bado nasimama hapo.

Manake treni ya kuzunguka meza ikishafungwa imefungwa, inazunguka mpaka wewe ndio unachoka. Laini ya viwandani kazi yake yote ni kufunga na kufungua. Toa la saruji, sukuma la mabati, rudi nyuma, chukua la unga, ah, la unga liko nyuma ya mawili mengine, anza tena. Sasa ukiwa na zile ndoano za plastiki zinakuja na seti za bei rahisi, kila mara mkono mzima unaingia kuinua behewa, na mchezo umeisha.

Saizi, rangi, ile geji ya kupima urefu nambari 205, hizo mnazijua, tusipoteze bando. Twende kwa sumaku. Leta kamera hapa chini... hapo hapo. Unaona hiki kiwaya kinaning'inia chini ya kapla? Huyo ndio mwenye kazi. Hapa katikati ya reli nimegundisha sumaku, nambari 321. Naleta kichwa polepole, kinavuta behewa, nasimamisha kapla juu ya sumaku kabisa. Bado hazijaachana, kwa sababu zimevutana. Narudi nyuma kidogo tu, zilegee... tk! Umesikia? Viwaya vimevutwa kila kimoja upande wake, vidole vya kapla vimefunguka. Nasonga mbele, behewa limebaki. Poa.

Lakini hiyo si ile yenyewe. Hii ndio yenyewe. Narudi tena nyuma polepole, kapla bado ziko juu ya sumaku, zimeenda kando, zinagusana lakini hazishikani. Sasa nasukuma. Nasukuma... tumeshatoka kwa sumaku, tumepita pointi, pale reli inagawanyika, tunaingia kwa godauni, bado hazijashikana, simama hapo mlangoni. Narudisha kichwa. Behewa limebaki penye nilitaka! Yaani sumaku iko kule na behewa liko huku! Acha nirudie, sijali video ikiwa ndefu. Tazama kapla usitazame kichwa... sukuma, sukuma, acha. Ai! Sumaku moja inahudumia godauni zote tatu, maze.

Na hili wazo la vidole kushikana ni la zamani, Mmarekani mmoja, Eli Janney, alipata hataza yake 1873. Kabla ya hapo mtu alikuwa anasimama katikati ya mabehewa kuingiza pini kwa mkono, na wengi waliacha vidole hapo, wengine maisha. Mpaka 1893 ndio sheria ikapitishwa kule kulazimisha kapla za kujifunga.

Sasa nikaribie pale panaponiudhi, kwa sababu sijalipwa na mtu. Hii sumaku haizimwi. Ukipita juu yake na treni ikalegea kidogo, imekufungulia bila kuombwa. Halafu tazama hili behewa la zamani, eksili zake ni za chuma. Naliweka hapa, siligusi... unaona linatembea lenyewe? Linafuata sumaku. Iko nyingine ya umeme, nambari 309, unaiwasha ukitaka, lakini hapo ni kutoboa ubao, kuvuta waya, kununua swichi kwa maduka ya umeme ya Luthuli, na hiyo bei inapanda tu. Kapla zenyewe si ghali sana. Kinachouma ni nauli na ushuru.

Ndio nikaenda kwa jamaa wa mishikaki hapa kona. Nikala ya mia nne, nikabaki na vijiti. Hebu ona. Kijiti kinaingia kutoka juu, katikati ya kapla mbili, nazungusha kidogo... zimeachana. Popote. Kwa pointi, kwa geti, popote. Hakuna sumaku, hakuna waya. Sasa sijui nimalizeje hii video, manake nimewasifia sumaku nusu saa na nakaribia kuing'oa. Delei yake, ile ya kusukuma behewa mbali bila kapla kushikana, ni tamu, sitakataa, lakini kijiti hakinifungulii treni nikiwa sijasema. Sharti moja: godauni zikae nyuma, zimeegemea ukuta, kila moja nusu jengo tu, mbele pabaki wazi mkono usigonge paa.

Kuna mtu ananiuliza kila wiki kwa nini sileti Garratt, kile kichwa kikubwa cha mvuke, kama ile 5918 Mount Gelai pale makumbusho ya reli Nairobi. Boss, ile mashini ni tani 252. Hata ukiipunguza mara 87 inabaki karibu sentimita 36, na reli yangu ya kurudia, ile fupi ya kubadilishia njia, inatosha kichwa kidogo na mabehewa matatu ya sentimita 14. Itageukia wapi? Na wewe unayetaka nitumie reli ya upana wa milimita 12, najua reli yetu ya zamani ni ya mita moja na hii yangu ya 16.5 ni ya upana wa SGR. Najua. Vitu vya 16.5 ndio vinapatikana, tusonge.

Kichwa chenyewe kilichokuja mwezi uliopita, kampuni siitaji, kina magurudumu manne na kinazimika kila kikipita katikati ya pointi, pale kipande cha plastiki hakina umeme. Hicho kina video yake, na nitakuwa mkali.

Jumamosi tuko laivu. Mpangilio ni ule wa Inglenook, fumbo la kupanga mabehewa la Alan Wright, reli tatu, mabehewa manane, unachagua matano kwa mfuatano, na kuna njia 6,720. Niko na unga, saruji, mabati, chai, kahawa, mbolea, chuma chakavu na mafuta. Andika matano yako kwa komenti kwa mpangilio unaotaka, nitayapanga na kijiti. Wa kwanza kuandika mbolea karibu na unga namblok.