Programu ya kuonesha barua pepe imefunguliwa: uzoefu wangu, Jambiani, Zanzibar

Kazi yangu ni kupangia wageni vyumba na safari, na wateja wangu wengi ni mawakala wa Italia na Ujerumani, watu wasiopenda simu. Wakala anaomba bei ya watu wanane, pamoja na msitu wa Jozani na mashamba ya viungo Kizimbani. Unampelekea, halafu kimya. Vyumba umemshikia, na mwenye nyumba kila jioni anakuuliza, "Vipi, wale wako wanakuja au hawaji?" Ndiyo sababu nikaweka kwenye Chrome programu ndogo ya kunijuilisha barua ikifunguliwa. Nimekaa nayo msimu mzima wa kusi.

Gmail ya bure haina risiti ya kusomwa. Hiyo wanayo wenye akaunti za kazi au skuli, na hata huko mpokeaji anaweza kukataa kuirudisha. Programu hizi zinapita mlango mwengine: zinachomeka ndani ya barua kijipicha cha pikseli moja, hakionekani kwa macho. Kikipakuliwa, seva yao inaandika saa, nawe unapata tiki.

Tiki zenyewe sasa. Wakala mmoja alikuwa "anafungua" kila barua dakika ile ile, hata saa nane za usiku kwao. Kumbe anatumia iPhone. Tangu iOS 15, mfumo wa iPhone wa mwaka 2021, ulinzi wa Apple kwenye programu yao ya Mail ukiwashwa hupakua picha kimyakimya, mtu asome asisome. Mwengine wa Munich hakuwahi kunitolea tiki hata moja, na huku ananijibu maswali yangu mstari kwa mstari. Outlook, programu yake ya barua, imezuia picha. Na mahali barua ilipofunguliwa wala usipaangalie: tangu Disemba 2013 Gmail hupitisha picha kwenye seva za Google, kwa hiyo mtu yuko Bologna, unaambiwa yuko Marekani.

Kilichonifaa kweli ni viungo vya mtandao (link) ndani ya barua, maana programu inakwambia pia kikibonyezwa. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje lazima akate bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, basi nikawa naweka kiungo chake chini ya bei. Anayekibonyeza leo, akarudi tena kesho, huyo ana safari. Chumba chake sikigusi. Aliyefungua barua tu namngoja mpaka Ijumaa, kisha nauza. Ila makampuni makubwa yana mitambo ya ulinzi inayobonyeza viungo kabla ya mwenyewe, kwa hiyo ukiona vyote vimebonyezwa sekunde moja, hapo hakuna mtu.

Toleo la bure linabandika tangazo lake chini ya kila barua. Bibi mmoja wa Kijerumani aliliona, akaniuliza, "Kwani unanichungulia?" Ikabidi nilipie. Kubwa zaidi ni ruhusa: inataka kusoma sanduku zima, na mle mna nakala za pasipoti za watu. Nimeifungulia akaunti yake peke yake ya kupeleka bei, pasipoti zinakwenda kwengine.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa anayeshikia mawakala vyumba, inafaa. Ikiwa unangojea ofisi ya hapa hapa mjini, panda daladala uende, maana pengine barua yako ishachapishwa imo ndani ya faili, na hilo hakuna tiki ya kukwambia.