Uzoefu wangu na runinga ya Ujerumani: euro 18.36 kwa mwezi, utazame usitazame

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya aina ya pekee, kwa kuwa mteja wake haichagui wala hana ruhusa ya kuikatisha. Karibu kila kaya nchini Ujerumani hulipa ada ya utangazaji, ambayo wenyeji huiita Rundfunkbeitrag, ya euro 18.36 kwa mwezi, na ada hiyo hudaiwa hata katika nyumba isiyo na runinga, redio wala kompyuta. Kwa sisi tuliozoea king'amuzi, ambacho kifurushi kikiisha picha hukatika na deni halipo, utaratibu huu unafanana sana na kodi, ingawa Wajerumani wenyewe husisitiza kwamba si kodi. Ninaishi Köln, ninalipa na ninatazama, na maoni yangu ni kwamba fedha hiyo hununua kitu cha thamani kubwa, lakini kitu chenyewe hakikutengenezwa kwa kumfikiria mtazamaji kama mimi.

Nianze na malipo, maana ndiyo sehemu ambayo mgeni hukutana nayo kabla ya kuwasha kifaa chochote. Kabla ya mwaka 2013 ada ilifuata kifaa, yaani mwenye runinga alilipa zaidi na mwenye redio pekee alilipa pungufu, na wakaguzi walibisha hodi milangoni kuuliza kilichomo ndani. Tangu Januari 2013 ada inafuata makao. Mtu akishaandikisha anwani yake kwenye ofisi ya manispaa, taarifa hupelekwa kwa ofisi ya ukusanyaji iliyopo hapa hapa Köln, na baada ya muda barua humfikia. Wengi hulipa kila baada ya miezi mitatu, euro 55.08 kwa mkupuo mmoja. Jambo ambalo vijana wengi waliopanga nyumba kwa pamoja hawalijui ni kwamba ada ni moja kwa nyumba nzima, kwa hiyo mmoja akiwa ameandikishwa, wengine wanatakiwa kutaja tu namba yake ya malipo. Mwanafunzi anayepokea msaada wa serikali wa masomo uitwao BAföG na asiyeishi na wazazi wake, pamoja na mtu anayeishi kwa ruzuku ya kujikimu, anaweza kusamehewa, ila msamaha huo hauji wenyewe: ni lazima uombwe kwa maandishi na kuambatanishwa na uthibitisho. Mwanagenzi wa uuguzi anayepata posho ya mafunzo bila ruzuku yoyote hulipa kama watu wengine.

Ada hiyo hailipii njia ya kufikisha picha nyumbani. Hapo kila mtu hujitafutia, na njia ni nne: kebo, dishi, antena na intaneti. Hadi tarehe 30 Juni 2024 wenye nyumba waliruhusiwa kuingiza gharama ya kebo katika gharama za pamoja za jengo, hivyo wapangaji wengi walilipia kebo bila kuigusa. Sheria ilipobadilika, kila mpangaji aliachiwa achague mwenyewe, na wauzaji wakaanza kuzunguka ngazi za majengo. Kijana mmoja mwenye beji ya kampuni ambayo sitaitaja alinieleza kwa sauti ya huruma kwamba nisipotia saini papo hapo picha yangu ingekatika. Sikutia saini. Nilinunua antena ndogo ya ndani, nikaiweka dirishani, na chaneli zote kuu za umma zikaingia kwa picha safi bila malipo ya ziada, kwa kuwa mfumo wa antena wa dijitali, DVB-T2 HD, unaotumika tangu Machi 2017 haufungi chaneli za umma; zinazofungwa ni chaneli kubwa za biashara. Dishi lililoelekezwa kwenye setilaiti za Astra za nyuzi 19.2 mashariki huleta chaneli nyingi zaidi, lakini mikataba mingi ya upangaji hairuhusu kulitundika ukutani. Kwa mwenye intaneti nzuri hata antena si lazima, kwani ARD na ZDF, mashirika makuu mawili ya utangazaji wa umma, hurusha matangazo yao moja kwa moja mtandaoni bila kumtaka mtu ajisajili. Wajerumani si wageni katika mambo haya: eneo la Berlin lilikamilisha kuzima analojia ya antena mwezi Agosti 2003, miaka tisa kabla ya Dar es Salaam kufanya hivyo.

Sasa nije kwenye kinachotazamwa. Saa mbili kamili usiku, Das Erste, yaani chaneli kuu ya ARD, hurusha Tagesschau, taarifa ya habari ya dakika 15 inayotayarishwa Hamburg na ambayo ilianza tarehe 26 Desemba 1952. Msomaji huingia, husalimu, husoma na huaga. Hakuna mzaha, hakuna muziki wa kutisha chini ya habari ya ajali, na hakuna mtangazaji anayekunja uso ili mtazamaji ajue la kuhisi. Uzito wa dakika hizo katika maisha ya nchi ni mkubwa kiasi kwamba hata chaneli za biashara huanza filamu zao za jioni saa mbili na robo, baada ya Tagesschau kwisha. Kuanzia saa mbili usiku, pamoja na Jumapili na sikukuu kwa siku nzima, Das Erste na ZDF hazina matangazo ya biashara. Mtu aliyezoea kukatiziwa tamthilia na sabuni, kisha mafuta ya kupikia, kisha bando la simu, huhitaji muda kuamini kwamba filamu ya saa moja na nusu inaweza kwisha bila kusimama.

Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, ni kile kisichoonyeshwa. Nimetazama taarifa hii kwa muda mrefu na sijazoea bado hali ya habari kutoanza na waziri anayekata utepe. Hali hiyo haikutokana na hulka ya Wajerumani bali na jinsi mfumo ulivyojengwa kwa makusudi. Baada ya redio kutumiwa na utawala wa Kinazi kama chombo cha propaganda, mataifa yaliyoshinda vita yalitaka utangazaji mpya uwe mbali na serikali. Katika kanda ya Ujerumani iliyokuwa chini ya Uingereza, Hugh Carleton Greene alitumwa kuongoza shirika la NWDR kwa mfano wa BBC. Mwaka 1950 mashirika ya majimbo yaliungana katika ARD, ambayo hadi leo si kampuni moja bali ni ushirika wa mashirika ya majimbo, tisa kwa sasa, kila moja likiwa na makao yake. Kansela Konrad Adenauer alipojaribu kuanzisha runinga iliyo chini ya serikali ya shirikisho, Mahakama ya Katiba ilimzuia kwa hukumu ya tarehe 28 Februari 1961, ikisema utangazaji ni mamlaka ya majimbo na haupaswi kuwa mikononi mwa dola. Majimbo yakaunda ZDF kwa mkataba, nayo ikaanza kurusha matangazo tarehe 1 Aprili 1963. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba wanasiasa na watu wa dola wasizidi theluthi moja katika mabaraza yanayoisimamia ZDF. Kiasi cha ada nacho hakipangwi na waziri: tume huru iitwayo KEF hukagua mahitaji ya mashirika na kupendekeza kiwango, kisha mabunge ya majimbo yote 16 ndiyo yanayoidhinisha. Mzunguko huu ni mrefu na wa kuchosha, na nadhani kuchosha huko ndiko kunakowazuia wenye tamaa.

Fedha inayokusanywa ni nyingi, takribani euro bilioni 9 kwa mwaka 2023, na sehemu kubwa huonekana pale ambapo mgeni hapatazami, yaani kwenye chaneli za majimbo. Nilizidharau mwanzoni kwa kudhani ni za wazee wa vijijini. Siku hizi ndizo ninazozitazama kuliko nyingine. WDR, ambayo makao yake yako Köln, hurusha jioni kipindi cha Lokalzeit chenye matoleo tofauti kwa wakati mmoja, hivyo mtu wa Aachen huona habari za Aachen na mtu wa Dortmund za Dortmund: daraja lililofungwa, soko la Krismasi, hospitali inayotaka kupunguza vitanda, mgomo wa tramu wa kesho asubuhi. Kwa mfanyakazi anayeamka alfajiri, habari ya tramu ina faida kuliko hotuba yoyote ya Berlin.

Tatort, tamthilia ya upelelezi inayorushwa Jumapili usiku tangu Novemba 1970, imejengwa kwa msingi huo huo, kwani kila shirika la jimbo hutengeneza vipindi vyake na wapelelezi wake, na kwa miaka mingi mtazamaji hupitishwa Münster, München, Köln na kwingineko bila kutoka kwenye kochi. Upande wa mashariki, MDR ilianza kurusha mwaka 1992 kwa ajili ya majimbo matatu ya Sachsen, Sachsen-Anhalt na Thüringen, na kumbukumbu za enzi ya ukuta zimejaa katika vipindi vyake. Wazee wa huko bado husimulia kwamba Dresden na vitongoji vyake havikupata mawimbi ya runinga ya Magharibi, na kwamba watu wa sehemu nyingine waliliita bonde hilo bonde la wasiojua kitu. Sandmännchen, mwanasesere wa kulaza watoto aliyeanza kuonekana Ujerumani Mashariki mwaka 1959, amedumu kuliko nchi iliyomzaa, na bado yuko hewani.

Kwa anayejifunza Kijerumani, huduma hii ina hazina ambayo haitangazwi vya kutosha. Das Erste ina maandishi ya chini kwenye ukurasa wa 150 wa teleteksti na ZDF kwenye ukurasa wa 777, na kusoma huku ukisikiliza husaidia sana pale wahusika wanapoongea kwa lafudhi za Bavaria. Tangu Juni 2024 lipo pia toleo la Tagesschau kwa lugha nyepesi, lenye sentensi fupi na maneno yaliyofafanuliwa. Ningemshauri mgeni mzima asione haya kutazama vipindi vya watoto: Die Sendung mit der Maus, cha Jumapili asubuhi tangu 1971, huonyesha jinsi vitu vya kawaida vinavyotengenezwa, na utangulizi wake husomwa kwa Kijerumani kisha hurudiwa kwa lugha ya kigeni inayobadilika kila wiki. Msamiati wa kiwandani na jikoni nimeupata zaidi huko kuliko darasani.

Kasoro zipo, na baadhi ni kubwa. Umri wa wastani wa mtazamaji wa Das Erste na ZDF umepita miaka 60, na ratiba inaonyesha hivyo: upelelezi baada ya upelelezi, maswali na majibu, kisha meza ya mjadala yenye wanasiasa wale wale. Karibu kila filamu ya kigeni huvishwa sauti za Kijerumani, kiasi kwamba mwigizaji unayemfahamu tangu utotoni anazungumza kwa koo la mtu mwingine. ARTE, chaneli ya pamoja ya Ujerumani na Ufaransa iliyoanza mwaka 1992, ndiyo inayokuokoa mara nyingi kwa maandishi ya chini. Makala bora za uchunguzi hupangwa usiku wa manane, na ukizikosa, maktaba za mtandaoni huziweka kwa muda tu kisha huziondoa. Afrika nayo huonekana kwa uchache. ARD na ZDF zote zina waandishi wao Nairobi, lakini katika dakika 15 za saa mbili usiku bara letu hupata nafasi hasa likiwa na vita, njaa au uchaguzi wenye ghasia. Wasikilizaji wetu wa Idhaa ya Kiswahili ya DW wajue pia kwamba idhaa hiyo, inayorusha matangazo tangu 1963, hailipiwi na ada hii bali na bajeti ya serikali ya shirikisho.

Chaneli za biashara sitazizungumzia sana. Zilianza Januari 1984, kwanza kwa jaribio la kebo la Ludwigshafen na RTL kutoka Luxembourg, na leo RTL, Sat.1 na ProSieben hutoa mashindano ya kuimba, maisha ya watu mashuhuri na matangazo mengi mno. Anayependa kandanda ajue kwamba mechi nyingi za Bundesliga za moja kwa moja ziko nyuma ya ukuta wa malipo, na kwamba Sportschau, kipindi cha michezo cha ARD cha Jumamosi jioni, hutoa muhtasari bila malipo, ilhali mechi za timu ya taifa katika mashindano rasmi na fainali ya Kombe la DFB ni lazima kisheria zionyeshwe bure.

Tume ya KEF ilipendekeza ada ipande kwa senti 58 hadi euro 18.94 kuanzia Januari 2025, majimbo hayakuidhinisha kwa wakati, na Novemba 2024 ARD na ZDF zikapeleka malalamiko kwenye Mahakama ya Katiba. Binafsi senti hizo 58 ningezitoa bila kinyongo, iwapo makala za uchunguzi zingehamishwa kutoka saa sita usiku hadi saa mbili na robo, walau siku moja katika wiki, badala ya upelelezi mwingine mpya.