Kutafuta mababu wa kijiji cha Dorset: huduma ipi ulipie, ipi uiache

Tovuti za nasaba hujitangaza kwa wingi wa kumbukumbu: mabilioni huku, mabilioni kule. Kwa anayetafuta ukoo wa kijiji kimoja cha Uingereza, wingi huo haumsaidii kitu. Kinachoamua ni kaunti. Rejista za parokia za vijijini, yaani vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi, zinatunzwa katika ofisi za nyaraka za kaunti, na kila ofisi ina mapatano yake kuhusu nani aonyeshe picha za kurasa hizo mtandaoni. Za Dorset, Somerset na Wiltshire ziko Ancestry, tovuti ya kulipia. Za Devon na Shropshire ziko Findmypast, ya kulipia pia. Essex inauza picha zake yenyewe. Za Norfolk, nyingi zinatazamwa bure FamilySearch. Kwa hiyo kabla ya kutoa kadi ya benki, jua kwanza kaunti ya kijiji chako, kisha uliza picha za kaunti hiyo ziko kwa nani.

Tathmini hii imepimwa kwa Tolpuddle, kijiji kilicho kando ya mto Piddle, mashariki ya mji wa Dorchester. Ndiko walikotoka wale vibarua sita wa mashambani waliohukumiwa mwaka 1834 kupelekwa uhamishoni Australia kwa sababu ya kiapo cha chama chao cha wafanyakazi. Koo zao, yaani Loveless, Standfield, Hammett na Brine, zimeacha karatasi za kila aina, na baadhi yao walihama kaunti. Huduma inayowapata hao itampata na babu yako.

Anzia pasipo gharama. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837, na faharasa zake ziko mahali pawili. FreeBMD, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, inakuruhusu kutafuta upana wa miaka mingi kwa mkupuo mmoja na kuangalia picha ya faharasa yenyewe. Ofisi Kuu ya Usajili, ambayo watu wa fani huiita GRO, ina faharasa yake mpya, bure pia ukishafungua akaunti. Hii ya pili ina usumbufu wake: lazima uweke jina la ukoo na jinsia, na upana wa utafutaji hauzidi miaka miwili kila upande. Lakini ina kitu ambacho faharasa ya zamani, ile iliyoko FreeBMD, haina kabla ya robo ya tatu ya 1911: jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Weka jina la baba, jina la mama na wilaya, sogea miaka mitano mitano, na utapata watoto wote wa nyumba moja, pamoja na wale waliozaliwa na kufa katikati ya sensa mbili ambao hakuna sensa iliyowaona. Nafasi ya jina la mama ikiwa na kistari tu, kwa kawaida mtoto alizaliwa nje ya ndoa. Kwa vifo, faharasa hii inatoa umri tangu 1837; ile ya zamani inautoa kuanzia 1866 tu. Tumia zote mbili. Moja ikikosea kusoma jina, mara nyingi nyingine imepatia.

Ununuzi wa GRO wenyewe unastahili sifa, ila kwa masharti. Tangu bei zilipopanda Aprili 2024, picha ya kidijitali ya kumbukumbu ni pauni 3, faili ya PDF ni pauni 8, na cheti cha karatasi ni pauni 12.50. Picha ya pauni 3 inatosha kabisa kwa kazi ya ukoo, lakini inapatikana kwa vizazi na vifo vya zamani tu. Ndoa haina picha wala PDF, ni karatasi pekee, na hapo ndipo watu wanapopoteza pesa: ndoa iliyofungwa kanisani baada ya 1837 iliandikwa kwa maelezo yaleyale katika rejista ya parokia. Kama picha za kaunti hiyo umeshazilipia kwingine, huna haja ya kununua cheti. Na wasomaji wa Kenya, Tanzania au Uganda wanaotafuta bibi au babu mzaliwa wa Uingereza kwa ajili ya ile viza ya nasaba ya raia wa Jumuiya ya Madola wasinunue PDF. Haina nguvu ya kisheria. Hapo nunua cheti kamili cha karatasi.

Sasa Ancestry, ambako kazi yenyewe ya Dorset inafanyika. Picha za rejista ni safi, na mkusanyo umegawanywa palepale sheria ilipobadili fomu: hadi 1812, na kuanzia 1813. Mgawanyo huo uelewe vizuri. Kuanzia tarehe 1 Januari 1813 ubatizo ulijazwa katika daftari lililochapishwa, nane kwa ukurasa, na kila mmoja una majina ya wazazi, makazi na kazi ya baba. Kabla ya hapo kasisi aliandika alivyopenda, na wengine walipenda kuandika kidogo sana: jina la mtoto, jina la baba, basi. Ndoa zilipata fomu mapema zaidi, kuanzia Machi 1754, zikiwa na sahihi au alama za msalaba za maharusi na mashahidi. Usiwapuuze mashahidi, mara nyingi ni kaka au dada, ingawa jina likijirudia kila ukurasa huyo ni karani wa parokia.

Kasoro kubwa ya Ancestry ni kisanduku cha kutafutia cha ukurasa wa mbele. Kinachanganya Dorset na Australia, kisha kinakuletea miti ya ukoo iliyopandwa na wanachama wengine, mingi ikiwa imenakiliwa kutoka mti hadi mti bila hata mmoja wao kufungua rejista. Kipite. Fungua orodha ya mikusanyo, andika Dorset, chagua mkusanyo mmoja, utafute humo. Majina tafuta kwa nyota na alama ya kuuliza: Lovel* italeta Loveless, Lovelass na Lovelace pia. Standfield aliandikwa pia Stanfield, Hammett akaandikwa na t moja. Jina la kijiji nalo linacheza: Puddletown ya jirani iliitwa Piddletown. Na ukikosa kabisa, usihitimishe kuwa mtu hayumo. Faharasa imeandikwa na mtu asiyekijua kijiji. Chagua parokia, chagua miaka, upekue picha ukurasa kwa ukurasa. Kijiji cha watu mia chache kina ubatizo usiozidi kurasa mbili tatu kwa mwaka, na mara nyingi pungufu ya hapo. Miaka ishirini ni kazi ya jioni moja.

Yanayoharibika katika kupekua ni yaleyale kwa kila kaunti. Kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari 1730 ya rejista ni Februari 1731 kwetu. Iandike 1730/31, la sivyo utamzalisha mama watoto wawili ndani ya miezi minne. Kati ya 1642 na 1660, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala uliofuata, rejista nyingi zina pengo. Kati ya 1783 na 1794 kila ingizo lilitozwa kodi ya peni tatu na maskini walisamehewa: ukiona herufi P pembeni, ni maskini, au kasisi mwenye huruma. Ubatizo si kuzaliwa; watoto wanne wa nyumba moja waliobatizwa siku moja si mapacha. Na jina la mtoto aliyekufa lilipewa anayefuata, kwa hiyo kila ubatizo unaoufurahia upeleke kwanza kwenye mazishi ya miaka mitano inayofuata. Ukoo mwingi wa mtandaoni umejengwa juu ya mtoto aliyezikwa akiwa na wiki tatu.

Sensa zipo Ancestry na Findmypast, na ile ya 1881 ni bure FamilySearch. Ya 1841 itumie kwa tahadhari: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi kigawe cha tano, na kuhusu mahali pa kuzaliwa iliuliza tu kama ni kaunti ileile, au kama ni Uskoti, Ireland au nchi za nje. Kuanzia 1851 parokia ya kuzaliwa imeandikwa. Ya 1931 iliungua, ya 1941 haikufanyika. Pengo hilo linazibwa na rejista ya Septemba 1939.

Tolpuddle inaonyesha vizuri pale usajili wa kulipia unapogonga ukuta. Waliporudi kutoka Australia, watano kati ya wale sita walipewa mashamba Essex, na mwaka 1839 James Brine akamwoa Elizabeth Standfield katika kanisa la Greensted. Watu wa Dorset, ndoa ya Essex. Picha za Dorset hapo hazifai kitu. Unakwenda kwa ofisi ya nyaraka ya Essex, ambayo katalogi yake ni bure na picha ni za kulipia kwa muda. Katalogi ni nzuri sana, ina kila rejista na miaka yake. Andaa kwanza orodha ya parokia na miaka unayoitaka, ndipo ulipie muda mfupi kuliko wote, uifanye kazi yote kwa mkao mmoja. Baadaye familia hizo zilihamia Ontario, Kanada, na kutoweka katika sensa za Uingereza. Aliyebaki kijijini ni James Hammett, aliyefariki mwaka 1891 katika nyumba ya maskini ya Dorchester.

Nyumba ya maskini inanikumbusha mikusanyo ya Dorset ambayo wengi hawaifungui: karatasi za sheria ya maskini. Kibarua aliyeomba msaada katika parokia isiyo yake alihojiwa chini ya kiapo kuhusu alikozaliwa, kwa nani alifanya kazi na kwa muda gani, kisha huenda akarudishwa kwao kwa amri. Hakuna rejista ya ubatizo inayomweleza mkulima maskini hivyo. Zimo Ancestry, pamoja na hati za baba waliotakiwa kutunza watoto wa nje ya ndoa. Kwa hizo peke yake usajili wa Dorset unalipa.

Kuhusu Wamethodisti, kama George Loveless aliyekuwa mhubiri wao: kutafuta ndoa zao kanisani kwao kabla ya 1837 ni kupoteza muda. Tangu 1754, isipokuwa Wakweka (Quakers) na Wayahudi, wote walioana katika Kanisa la Uingereza. Ubatizo ndio unaoweza kuwa kwingine, katika rejista zilizokusanywa na serikali baada ya 1837, na hizo Ancestry inazo kwa nchi nzima.

TheGenealogist, tovuti nyingine ya kulipia, inauza ramani za zaka zilizotokana na sheria ya 1836, zikiwa zimeunganishwa na jedwali la mmiliki, mpangaji, jina la kipande na ukubwa wake. Kwa ukoo wa wakulima wapangaji ni huduma bora. Kwa vibarua, iache: nyumba zao mara nyingi zimeandikwa chini ya jina la mwenye shamba. Ramani za zamani za inchi sita na inchi 25 kwa maili zinaonyeshwa bure na Maktaba ya Taifa ya Uskoti, England ikiwemo, na kwa kuona parokia za jirani alikoweza kutoka bibi harusi hazina mpinzani. Maana ndoa kwa kawaida ilifungwa parokia ya bibi harusi, na matangazo yalisomwa kote kuwili.

Usisahau wasaidizi wa bure wa kaunti, Dorset OPC (Online Parish Clerks), wanaonakili rejista parokia kwa parokia. Ubora wao unategemea aliyejitolea kwa kijiji chako. Wengine wameandika hadi mawe ya makaburi, wengine kurasa mbili. Maandishi yao yatumie kama ramani ya kukupeleka kwenye picha.

Kwa ajili ya Ancestry kuna majaribio ya bure ya siku 14, lakini kadi inakatwa yenyewe yakiisha. Maliza kwanza kazi ya GRO na FreeBMD, andika majina na miaka yote ya kutafuta, ndipo uyafungue. Pakua kila picha, siyo kuihifadhi tu kwenye mti wako wa mtandaoni, kwa sababu usajili ukiisha picha za kulipia hazifunguki tena. Jina la faili lianze na parokia, aina, mwaka na namba ya ukurasa.

Yaliyobaki yako Dorset History Centre mjini Dorchester: vitabu vya wasimamizi wa maskini, hesabu za kanisa, karatasi za mashamba makubwa. Katalogi yao isome nyumbani na unukuu namba za kumbukumbu kabla ya kwenda au kuandika barua pepe. Wafanyakazi wanaweza kunakili kwa malipo ukiwapa namba kamili. Ukiwaandikia "nataka kila kitu kuhusu ukoo wa Brine", utajibiwa kwa adabu na bei ya utafiti wa saa.