Mashine ya vumbi: ya kusimama au ya kuburuta?

Kwa nyumba iliyotandikwa zulia chumba kizima, kama nyingi za Uingereza, mashine ya kufyonza vumbi ya kusimama haina mpinzani. Brashi yake huzunguka kwa nguvu ya mota, ikipigapiga zulia na kuibua mchanga uliozama chini. Ile ya kuburuta, yenye bomba refu na magurudumu, mara nyingi hutegemea uvutaji wa hewa tu.

Lakini sebule zetu nyingi ni vigae na zulia moja katikati. Hapo ya kusimama inakera: brashi inarusha punje za mchele pembeni badala ya kuzimeza, na ikikutana na matamvua ya zulia inayatafuna. Na kama nyumbani kuna msusi, usiombe! Nyuzi za rasta hujisokota kwenye brashi hadi mkanda unaoizungusha unaanza kunuka mpira ulioungua. Zima, chomoa waya ukutani, kisha kata nyuzi hizo kwa mkasi.

Ya kuburuta inaingia chini ya kochi, na kwenye ngazi unabeba bomba tu. Kero yake ni kuvutana nayo kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, ikigonga kila mguu wa meza. Kwa vigae, mimi ningechukua hiyo.