Hostingi ya kujifunzia: kabla hujalipa, angalia kache

Lalamiko ninaloletewa ni lile lile. Mtu anajifundisha HTML na CSS, lugha za kuandika na kupamba kurasa za wavuti, kwa kuifumua tovuti yake binafsi na kuijenga upya. Anabadilisha rangi ya kichwa cha ukurasa kutoka kijivu kuwa kijani, anapakia faili, anafungua kivinjari, anakuta kijivu. Anarudi kwenye msimbo, anakagua mabano moja moja, anafuta, anaandika tena. Bado kijivu. Kumbe msimbo ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ila hostingi aliyoilipia, yaani huduma ya kuiweka tovuti mtandaoni, ilikuwa inampa faili la jana kutoka kwenye kache, ile nakala inayohifadhiwa ili ukurasa ufunguke haraka.

Ndiyo maana hapa sizungumzii ukubwa wa diski. Tovuti binafsi ya kurasa chache haikaribii kujaza hata gigabaiti moja. Kwa anayejifunza ninauliza swali moja tu: nikibadilisha mstari mmoja, nitauona lini?

Jibu unalipata kabla hujatoa hela. Tafuta tovuti yoyote iliyowekwa kwa muuzaji wa hostingi unayemfikiria, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, kisha upakie ukurasa upya. Bofya mstari wa faili la CSS na usome palipoandikwa cache-control. Ukikuta max-age=0 na must-revalidate, kivinjari kitakuwa kinaiuliza seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kila mara kama faili limebadilika. Hiyo ndiyo unayoitaka. max-age=600 ni sekunde 600 za kutumia nakala ile ile bila kuuliza, yaani dakika 10. max-age=604800 ni wiki nzima, na 31536000 ni mwaka. Muda mrefu unafaa kwa tovuti iliyokamilika, ambayo kila toleo la faili hupewa jina jipya. Kwa mtu anayehariri style.css ile ile jioni nzima ni mateso, na nimeona wengine wakikata tamaa wakidhani hawana kichwa cha kazi hii.

Chaguo langu la kwanza ni Cloudflare Pages, na sifichi kwamba naipendelea. Kwa kawaida mafaili yake hutoka na max-age=0, kwa hiyo ulichokipakia ndicho unachokiona. Huhitaji hata kujua Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo: unaburuta folda nzima na kuiachia hapo. Kila unapopakia, toleo hilo hupata anwani yake ya peke yake, unaweza kufungua la jana na la leo bega kwa bega, na ukiharibu unarudisha la zamani. Kwa mtu anayejifunza kwa kubomoa, hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Kasoro yake ni kwamba ukitaka domeini yako, yaani jina la tovuti kama mfano.com, itumike bila www wala kiambishi kingine mbele, lazima usimamizi wa DNS, mfumo unaoelekeza jina hilo kwenye seva, uuhamishie kwao.

Ya pili ni GitHub Pages. Kache yake ni dakika 10, inavumilika, na itakusukuma ujifunze Git, jambo ambalo ungelazimika kulijua tu mbele ya safari. Kikomo cha tovuti ni gigabaiti 1.

Netlify naiweka ya tatu. Kwa kache iko sawa kabisa na ile ya kwanza, na kuburuta folda kunakubalika. Ila soma mpango wa bure unavyohesabu kila unapochapisha, maana anayejifunza huchapisha mara nyingi kuliko mwenye kampuni.

Neocities ni ya mwisho kati ya ninazozikubali. Unaandika msimbo hapo hapo ndani ya kivinjari, lakini domeini yako mwenyewe utaiunganisha ukilipia.

Vifurushi vya bei ya chini vya hostingi ya pamoja, ambapo wateja wengi hutumia seva moja na kuisimamia kwa paneli iitwayo cPanel, sivipangi. Vingi huwashiwa kache upande wa seva bila mnunuzi kuambiwa. Kama tayari umelipia, ingia uizime, na kwenye HTML andika style.css?v=2, kisha v=3 kila unapobadilisha. Kivinjari kitaona anwani mpya na kulichukua faili upya.

Hizo nne za juu zote zina mpango wa bure. Maana yake, kwa tovuti ya HTML, CSS na JavaScript, unachohitaji kununua kweli ni jina la domeini peke yake. Hapo ndipo wauzaji wananikera. Unaweka jina moja kwenye kikapu, unakuta visanduku vimeshatiwa tiki: barua pepe, ulinzi, hata cheti cha HTTPS, kile kinacholinda mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti. Cheti cha kulipia! Huduma ya Let's Encrypt inatoa vyeti hivyo bure kwa umma tangu mwishoni mwa 2015, na hizo nne nilizozitaja hukuwekea HTTPS bila malipo. Kuficha taarifa zako kwenye rejesta ya wamiliki wa domeini pia bado kuna wanaokutoza, wakati wauzaji kama Porkbun na Namecheap hawatozi.

Kibaya zaidi ni bei ya mwaka wa kwanza kuandikwa kwa herufi kubwa, na ya kuhuisha kuachwa chini kabisa kwa maandishi yasiyosomeka. Domeini hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo bei ya kweli ni hiyo ya chini. Tafuta bei ya kuhuisha kwanza, toa tiki zote, na hakikisha jina limesajiliwa kwa barua pepe yako, si ya fundi aliyekusaidia. Muuzaji asiyeonyesha bei ya mwaka wa pili kabla ya malipo, funga ukurasa wake uende kwa mwingine.