Darkplace: Ubaya Uliopimwa kwa Rula

Karibuni tena, watazamaji wangu. Hii DVD niliyoishika nimeitazama mara nne, na kila nikirudia naona kosa jipya. Hayo makosa ndiyo utamu wenyewe.

Inaitwa Garth Marenghi's Darkplace, komedi ya Uingereza iliyorushwa na Channel 4 mwaka 2004. Vipindi 6, basi. Watazamaji walikuwa wachache na haikuendelezwa; mashabiki ndio walioibeba hadi leo.

Sasa nifuateni hapa. Matthew Holness anamwigiza Garth Marenghi, mwandishi wa kubuni wa riwaya za kutisha. Garth anadai miaka ya 1980 alitengeneza tamthilia ya hospitali yenye mashetani, kule Romford, mashariki mwa London, akajipa mwenyewe nafasi ya daktari shujaa. Kwa hiyo unamwona mwigizaji hodari akimwigiza mwigizaji mbovu anayemwigiza daktari. Na hacheki hata kidogo! Garth anaamini kazi yake ni dhahabu tupu.

Mtazameni Richard Ayoade, ambaye ndiye aliyeiongoza kweli. Anamaliza sentensi, macho yanaikimbilia kamera, mkono haujui ukae wapi. Halafu Matt Berry, anayemwigiza mwigizaji wa kubuni Todd Rivers: midomo imeshafunga, sauti bado inaendelea. Mimi nahariri video kila siku, nawaambia hiyo ni kazi ngumu. Ukizidisha inakera, ukipunguza hakuna anayegundua. Wao wamepatia kila mara.

Kuna kitu kingine nakipenda sana. Katikati ya hadithi wanaingiza mahojiano, na prodyuza wa kubuni, Dean Learner (ndiye huyo Ayoade), anaeleza kwamba vipindi vilikuwa vifupi, kwa hiyo popote pasipo na maneno walipunguza mwendo wa picha. Ukishasikia hilo, kila mtu anayekimbia polepole kwenye korido unamwona kwa jicho jingine.

Kipindi cha 5, cha ukungu, kimejaa utani wa Waingereza kwa Waskoti. Kama hujauzoea utakupita. Anzeni na cha 2, daktari Liz anapokasirika na vyombo vinaanza kuruka.

Na mahojiano msiyaruke. Liz anachezwa na Madeleine Wool, mwigizaji wa kubuni, naye Madeleine anaigizwa na Alice Lowe. Garth, Dean na Todd wote wanahojiwa, Madeleine hayumo. Katika hadithi yao alipotea na anadhaniwa amekufa, na wenzake wako hapo wanajisifu.